Sive: Desturi Iliyogeuzwa

Wahenga walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na kila tunapotaka kumkanya kijana aliyezidi kupenda mambo mageni, ndiyo ituponyokayo kinywani. Lakini methali hiyo haisemi lolote juu ya mtu wa namna nyingine, yaani yule asiyeiacha mila, bali huishika kwa mikono miwili, akaipindua chini juu, kisha akasimama mbele ya watu na kusema, "Hivi ndivyo walivyofanya wazee wetu." Mtu wa namna hiyo twamkuta katika mchezo wa kuigiza uitwao Sive, uliotungwa na John B. Keane wa Ayalandi. Sive ni jina la msichana, nalo hutamkwa "Saiv".

Nataka tuutazame mchezo huu pamoja, msomaji, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa umetungwa vizuri, nao wastahili kusomwa. Ya pili ni kuwa msomaji wa Kenya aweza kuuelewa vibaya kwa urahisi sana, si kwa kuwa mambo yake ni mageni kwetu, bali kwa kuwa yaonekana kama si mageni. Ndani yake mna mzee mwenye mali, msichana maskini, mshenga mwenye maneno mengi, na fedha zinazotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tukiyaona hayo twasema mara moja, "Aa, haya twayajua." Kumbe bado hatujayajua.

Keane alizaliwa mwaka 1928 katika mji mdogo wa Listowel, kaskazini ya jimbo la Kerry, kusini-magharibi ya Ayalandi. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza kutafuta kazi, kama walivyofanya maelfu ya vijana wenzake, kisha akarudi kwao akafungua baa. Huko, akiwahudumia wakulima, alizisikia hadithi zao na namna yao ya kusema. Aliandika tamthilia na vitabu vingi kabla ya kufariki mwaka 2002. Sive ulichezwa mara ya kwanza huko Listowel, Februari 1959, na kikundi cha wenyeji wa mji ambao hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Abbey Theatre, jumba la taifa la michezo lililoko Dublin, lilikuwa limeukataa. Mwaka uo huo kikundi hicho cha Listowel kikashinda katika mashindano ya Ayalandi nzima yaliyofanyika mjini Athlone. Mwaka 1985 jumba lile lile lililoukataa ndilo lililouonyesha. Tusicheke sana, lakini na tukumbuke kuwa mlango wa mji mkuu si kipimo pekee cha kazi njema.

Hadithi yenyewe ni fupi. Sive ni yatima wa miaka 18 ambaye bado yu shuleni, katika shule ya watawa. Mama yake alikufa, na baba yake alikwenda Uingereza kabla hawajaoana, asirudi tena. Sive analelewa katika nyumba ya mjomba wake, Mike Glavin, mkulima maskini. Nyumbani humo yumo pia mke wa mjomba, jina lake Mena, na nyanya yake Sive, ambaye ni mama yake Mike. Mena na mama mkwe wake hawapatani. Nyanya humsimanga Mena kwa kutozaa, naye Mena humhesabia nyanya kila tonge la chakula.

Siku moja afika mshenga, Thomasheen Sean Rua. Ana habari: mkulima mmoja mzee, Sean Dota, amemwona Sive akipita njiani, naye amtaka awe mkewe. Mena akiifanikisha posa hiyo, atapata pauni 200, na mshenga naye atapata ujira wake. Mike mwanzoni akataa kwa ukali. Kisha, kidogo kidogo, alegea. Sive ampenda kijana mmoja fundi seremala, Liam Scuab, lakini Mike hataki hata kulisikia jina la ukoo huo, kwa kuwa aliyemwacha dada yake na mimba alikuwa jamaa ya Liam. Usiku wa kuamkia arusi Sive atoroka. Huko nje ni giza, na nchi ile ni ya vinamasi virefu. Liam amrudisha nyumbani akiwa amembeba mikononi, naye amekwisha kufa maji.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Msomaji wa kwetu, akisikia kuwa mzee atoa fedha kwa jamaa ya msichana, hataona ajabu. Katika makabila mengi ya Kenya mali hutoka upande wa mume kwenda upande wa mke. Ni ng'ombe, au mbuzi, au fedha, na kutoa kwenyewe ni heshima. Kwa Waislamu wa pwani pia mume hutoa mahari, ingawa hayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe, wala si ya jamaa yake. Kwa hiyo msomaji atasema: kosa la Sean Dota ni uzee wake tu, angalikuwa kijana, posa yake ingalikuwa sawa na posa nyingine. Lakini hivyo sivyo waliyoyaona watu wa Kerry walioketi ukumbini mwaka 1959. Wao waliona kitu kimekwenda kinyume tangu mwanzo, kwa sababu kwao mali ya ndoa haikwenda njia hiyo. Ilitoka upande wa mke ikaenda upande wa mume.

Desturi hiyo ilijengwa juu ya ardhi. Kabla ya katikati ya karne ya kumi na tisa, wakulima wengi wa Ayalandi waliyagawa mashamba yao kati ya wana wao, na wana wakayagawa tena, hata familia nzima ikawa yaishi kwa viazi vya kipande kidogo cha ardhi. Kisha ugonjwa ukaviua viazi. Katika njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 walikufa watu wapatao milioni 1, na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama nchi. Wale waliobaki hawakulisahau funzo hilo. Tangu hapo shamba halikugawanywa. Mwana mmoja tu ndiye aliyerithi. Binti mmoja, au wawili ikiwa uwezo ulikuwapo, aliolewa na fungu lake la fedha, na waliobaki wakapanda meli kwenda Marekani au Uingereza.

Fungu hilo la bibi arusi ndilo lililokuwa roho ya mpango wote. Bibi arusi alipoingia na fedha zake katika nyumba ya mume, fedha hizo hazikukaa humo. Mara nyingi zilitumiwa kumwoza dada wa mume, au kuwasaidia ndugu zake waliotoka bila ya ardhi. Hivyo fedha zile zile zilitembea kutoka nyumba hata nyumba, zikifungua mlango mmoja baada ya mwingine. Wataalamu wawili kutoka Marekani, Conrad Arensberg na Solon Kimball, waliishi katika jimbo la Clare miaka ya 1930 na kitu, wakayaandika mambo haya kwa makini. Tangu maandishi yao twajua vizuri jinsi posa ilivyokwenda. Mshenga alipeleka neno. Wazee wa pande mbili walikutana, mara nyingi penye kinywaji, wakavutana juu ya kiasi cha fungu. Kisha baba wa msichana alikwenda kulikagua shamba la bwana arusi. Alihesabu ng'ombe, akautazama udongo, akatazama na nyumba. Akiridhika, walikwenda kwa mwanasheria, na mapatano yakaandikwa. Wazee wa bwana arusi walimwachia mwana wao shamba, wakahamia chumba cha upande wa magharibi wa nyumba. Hata haki zao ziliweza kuandikwa katika mapatano hayo: chumba chao, maziwa yao, na nafasi yao katika gari la farasi la kwenda kanisani.

Tuipime desturi hiyo kwa haki, bila ya kuipamba na bila ya kuitukana. Ilikuwa na ukali mwingi. Moyo wa msichana haukuwa na kiti katika baraza hilo. Aliyekosa fungu alikosa mume, akahama au akazeekea jikoni mwa ndugu yake. Hata wana walioahidiwa shamba waliteseka, kwa kuwa hawakuweza kuoa mpaka wazee wakubali kuliachilia, na mtu wa miaka 45 ambaye baba yake yu hai aliweza kuitwa "kijana" bado. Karibu na mwaka 1945 wanaume wa Ayalandi walikuwa wakioa, kwa wastani, wakiwa na miaka 33, na wanawake wakiwa na miaka 28. Lakini desturi hiyo ilikuwa na ngao pia. Baba aliyetoa fedha zake alikuwa na sababu ya kulikagua shamba na watu wake kabla ya kumtoa binti yake. Msichana aliyeingia na fungu hakuingia kama mtumwa. Aliingia kama mtu aliyeleta kitu, na hakuna aliyeweza kumwambia kuwa alinunuliwa.

Rudi sasa kwenye mchezo, msomaji, ukautazame upya. Sean Dota hataki fungu lolote. Badala yake yeye ndiye atoaye, tena hampi Sive, wala hampi nyanya, wala hampi ndugu maskini wa Sive ili aweze kuoa. Ampa Mena, mwanamke asiye na damu moja na msichana. Mshenga aongea kwa maneno yale yale ya desturi, kwa sauti ile ile, akiketi penye moto ule ule waliokaa washenga wote waliomtangulia. Kila kitu cha nje kiko mahali pake. Lakini mali imegeuka njia, na kwa kugeuka njia imebadilisha jina: si fungu tena, ni bei. Hapa ndipo kilipo kiini cha mchezo wa Sive, na hapo ndipo Keane alipoonyesha akili yake. Hakusema kuwa desturi ya washenga ni mbaya, wala hakusema kuwa ni njema. Alionyesha jinsi watu wanavyoweza kuuza mtu huku wakitumia maneno ya kuozesha, na jinsi majirani wanavyoweza kutazama wasione, kwa kuwa maneno ni yale waliyoyazoea.

Wala mshenga hakumchagua Sive ovyo. Alimchagua kwa sababu hana baba wa kwenda kulikagua shamba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, katika nchi ile na wakati ule, alikuwa na haki chache kuliko wenziwe mbele ya sheria, na heshima chache zaidi mbele ya watu. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1987. Mena alijua sana uzito wa jambo hilo. Alipotaka kuvunja nguvu za msichana, hakumpiga. Alimwambia siri ya kuzaliwa kwake. Tena ndoa yenyewe ilikuwa mlango wa kuingia tu, usio wa kutokea. Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937 ilikataza talaka, na katazo hilo halikuondolewa ila kwa kura ya wananchi ya mwaka 1995. Ukiyajua hayo, hutamlaumu Sive kwa kukimbia usiku, wala hutasema, "Mbona asingaliolewa kwanza, kisha akaachana naye?"

Watu wengi waandikao juu ya ndoa za mashamba ya Ayalandi hupenda kusimulia imani zake za ajabu, nazo ni nyingi kweli. Ilikuwa vibaya kuoana mwezi wa Mei. Jumamosi ilikuwa siku ya nuksi. Arusi ikikutana na mazishi njiani, ilikuwa ishara mbaya. Mtu wa kwanza kumpongeza bibi arusi alipaswa kuwa mwanamume, wala si mwanamke. Bibi arusi alipofika kwenye kizingiti cha nyumba yake mpya, mama mkwe alivunja mkate wa shayiri juu ya kichwa chake ili alete baraka. Vijana waliovaa nyasi kavu mwili mzima, nyuso zao zimefichwa, waliingia arusini wakacheza na bibi arusi, na kuwapokea vizuri kulikuwa heri.

Palikuwa pia na majira ya kuoana. Kanisa halikufungisha ndoa kwa sherehe katika Kwaresima, kwa hiyo siku zilizotangulia Jumatano ya Majivu zilijaa washenga na arusi. Aliyepitwa na siku hizo bila ya kuoa alichekwa. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima vijana wahuni walimchora chaki mgongoni akiwa katika nguo zake za kanisani. Katika majimbo ya Kerry na Cork walitunga mashairi ya dhihaka, wakiwaambia wasiooa waende kwenye miamba ya Skellig, iliyo baharini mbele ya Kerry, ambako ilisemekana kuwa Kwaresima huchelewa kuanza na nafasi ya kuoana ingali ipo.

Wewe uliyelelewa penye habari za bundi aliaye juu ya paa hutaona ajabu sana kwa mambo hayo. Lakini yatazame kwa jicho la mchambuzi. Imani hizo zote zamlinda bibi arusi na nini? Zamlinda na Jumamosi, na mwezi wa Mei, na jeneza la njiani. Hakuna hata moja imlindayo na mlezi wake mwenyewe aketiye mezani akihesabu fedha. Na yale mashairi ya dhihaka yalimcheka nani? Yalimcheka yule asiyeoa, hata ikiwa sababu ya kutooa ni kuwa hana ardhi wala fungu. Umaskini ulikwenda salama, aliyeaibishwa ni maskini.

Keane azijua imani za watu wake, naye amezitia katika mchezo kwa njia moja kubwa, nayo ni njia ya nyimbo. Katika nyumba ya Mike huingia watu wawili wa njiani: Pats Bocock, mzee kiwete mwenye fimbo, na mwanawe Carthalawn, mwimbaji na mpiga ngoma ya mkono. Hao ni watu wa jamii ya Wasafiri, ambao zamani walizunguka nchi wakitengeneza vyombo vya bati na kuomba chakula. Walidharauliwa sana, serikali ya Ayalandi haikuwatambua rasmi kuwa kabila lenye utamaduni wake mpaka mwaka 2017. Nyanya awakaribisha kwa heshima. Mena awafukuza. Nao wanapoondoka huacha wimbo, na wimbo huo huwa ama baraka ama laana.

Katika hadithi za kale za Ayalandi, mtunga mashairi aliogopwa kuliko askari, kwa kuwa ilisemekana kuwa shairi lake la kashifa laweza kutoa malengelenge usoni mwa mfalme bahili. Basi Carthalawn aimbapo dhidi ya nyumba ya Mena, wasikilizaji wa Kerry waliujua uzito wa jambo hilo, na bila shaka walingoja waone laana itaangukia wapi.

Ikaanguka wapi? Mena hakupatwa na ugonjwa. Nyumba haikuungua. Mshenga na mzee wake walitoroka kimya kimya, wazima wa afya. Aliyekufa ni yule ambaye nyimbo zilimtakia heri. Sisi twasema kuwa dua la kuku halimpati mwewe, na Keane amelisema jambo hilo hilo kwa ukatili zaidi: katika mchezo wake dua la kuku limemkosa mwewe, na kifaranga ndiye aliyekufa. Mwandishi mdogo kuliko yeye angaliipa hadhira faraja yake, angaliacha laana ifanye kazi ili twende nyumbani tukisema kuwa mbingu zimelipa. Keane amekataa. Ametupa nyimbo zote, kisha akatuonyesha kuwa nyimbo bila ya mtu wa kusimama mlangoni na kusema "hapana" haziokoi nafsi hata moja. Na mtu wa kusimama mlangoni alikuwapo. Ndiye mjomba. Kwetu sisi neno mjomba lina uzito wake, nami nadhani hakuna msomaji wa Kiswahili atakayesoma habari za Mike Glavin bila ya kuumia. Alilijua lililo haki, akalisema mara moja, kisha akanyamaza.

Hata hivyo Keane hakutaka tuwachukie watu hawa kwa urahisi. Mena si jini. Ni mwanamke aliyekulia katika umaskini wa kusongamana, akaingia katika nyumba iliyokwisha kuwa na mwenyewe jikoni, akafanya kazi mwaka baada ya mwaka bila ya mtoto na bila ya neno jema. Pauni 200 kwake si anasa. Ni mara ya kwanza maishani kushika kitu kilicho chake. Hata Thomasheen, ambaye twamtazama kwa kicheko na chuki, aliwahi kutamani kuoa, na umaskini ukamfungia njia. Tukumbuke hali ya nchi wakati mchezo ulipotungwa. Katika miaka ya 1951 hadi 1961 Jamhuri ya Ayalandi ilipoteza watu wapatao 400,000 waliohama. Mashamba mengi yalibaki na wazee na mabikira wazee. Wahenga wetu walisema fedha fedheha, na ni kweli. Lakini kukosa fedha nako kuna fedheha zake, na Mena amezionja zote mbili. Kumwelewa hivi si kumsamehe. Ni kutambua kuwa ubaya wa namna hii hauhitaji mtu mbaya sana. Wahitaji mtu aliyechoka, na desturi iliyo karibu naye ya kumpa maneno.

Mhakiki mwaminifu hana budi kutaja na upungufu wa kazi. Kwanza, Sive mwenyewe hasemi mengi. Wengine wote wasema juu yake: wambembeleza, wamwuza, wamlilia. Yeye hupita kati yao kama kivuli. Wako watakaojibu kuwa hiyo ndiyo maana yenyewe, yaani msichana asiye na sauti katika baraza hana sauti katika mchezo pia. Jibu hilo lina nguvu, lakini halinitoshi. Mtu aweza kunyimwa haki ya kusema mbele ya wakubwa, na bado akasema na nafsi yake au na rafiki yake, nasi tukamsikia. Angalitupa nafasi ya kumjua Sive zaidi, kifo chake kingalikuwa kifo cha mtu, si kifo cha mfano.

Pili, mambo mengi yametundikwa juu ya barua moja. Liam aandika barua ya kupanga kutoroka na Sive, lakini haimfikii. Inaangukia mikononi mwa mshenga. Michezo mingi ya zamani ilitegemea barua zilizopotea, na hila hiyo imechakaa. Tena ina hatari moja: yaweza kumfanya mtazamaji aondoke akidhani kuwa kosa lilikuwa la barua, na kama barua ingalifika mambo yote yangalikuwa sawa. Sivyo. Msichana mmoja angaliokoka, na soko lingalibaki pale pale, likingoja yatima mwingine.

Tatu, Sean Dota amechorwa kwa rangi moja tu. Ni mzee wa kuchekesha na kuchukiza. Angalikuwa mtu mwenye adabu, mpole, aliyeteswa na upweke, swali la mchezo lingalikuwa gumu zaidi, kwa kuwa tungalilazimika kusema kuwa hata mpole hana haki ya kumnunua asiyekubali. Uzee na ubaya wa sura vimeturahisishia hukumu.

Pamoja na hayo yote, mchezo huu umesimama. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado wachezwa. Washenga wa kazi wamekwisha karibu wote katika Ayalandi, na huko Lisdoonvarna, jimbo la Clare, kazi yao imekuwa sherehe ya kila mwezi wa Septemba, ya ngoma na vicheko. Talaka imeruhusiwa. Mtoto wa nje ya ndoa ana haki sawa na wengine. Kama Sive ungalikuwa mchezo wa kulaumu desturi fulani ya Kerry, ungalikufa pamoja na desturi hiyo. Haukufa, kwa sababu hila uliyoifichua haikuwa ya Kerry peke yake. Popote palipo na desturi inayoheshimiwa, na mtu aliyebanwa na shida, na mtoto asiye na mtetezi, hapo pana mshenga anayepita njiani.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi utakayeusoma mchezo huu, usiridhike na kusema kuwa mambo ya Waayalandi ni kama ya kwetu, wala usiridhike na kusema kuwa si kama ya kwetu. Fuata mali. Tazama yatoka kwa nani, yaenda kwa nani, na njiani imembadilisha nani jina. Ukisikia mtu asema "hii ndiyo mila", usimpinge upesi wala usimkubali upesi. Mwulize mila hiyo ilikuwaje kabla yeye hajaishika. Na mkiucheza shuleni, mpeni sehemu ya Mike Glavin mchezaji bora mliye naye. Wengi wataitaka sehemu ya mshenga, kwa kuwa ina vichekesho, au ya Mena, kwa kuwa ina makali. Lakini mchezo wote wategemea dakika ile ambayo mtu mmoja mwema, akiwa na neno la kukataa ulimini, alimeza mate akalimeza na neno.